Malkia Aliyemchinja Twiga

Kila mwaka kazi ya kupeleka habari ya twiga wa Malindi ilimwangukia Riziki binti Mshamu, na kila mwaka alitamani siku hiyo apate japo kihoma kidogo cha kumlaza. Kihoma hakikuja. Riziki alikuwa na afya ya punda. Akajifunga kaniki, akavua miwani, akamkabidhi mlinzi pete yake ya simu, akaingia ukumbini kwa Mwana Shamsa, malkia wa mji wa Kitangani. Nyuma ya kioo wageni walikuwa wamejaa, wengine wamepakata watoto, wote wanangoja kuona uso wa malkia ukisawajika.

"Nashika miguu, Mwana."

"Marahaba. Habari za walimwengu?"

Mwana Shamsa alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, mwenye jicho moja dogo kuliko jingine, na hilo dogo ndilo lililokuwa likiona zaidi. Hakuwa mtu, ingawa ungehitaji moyo mgumu kumwambia hivyo usoni. Alikuwa kivuli. Mafundi walichukua mchanga wa Kitangani, sarafu, vigae, simulizi na maneno yaliyobaki midomoni mwa watu, wakafuma akili inayofikiri kama yeye alivyofikiri, wakaivika umbo la mwanga. Duniani kote kulikuwa na nyumba kama hii, kila moja na mtawala wake, na wote waliishi mwaka mmoja tu: mia nane na kumi na nane wa Hijria, ambao Wazungu waliuita elfu moja mia nne na kumi na tano. Ukiisha, unaanza upya. Watu walikuja kutazama, na mabaraza ya miji yalikuja kuuliza maswali yao mazito, maana walio hai walikuwa wamechoka kuulizana wao kwa wao.

Habari alizipeleka mtu mwenye pumzi. Mafundi waligundua kwamba kivuli akiambiwa jambo na kivuli mwenzake huitikia tu, lakini akiambiwa na mtu hai hufikiri. Kwamba habari za ng'ambo zilifika Kitangani mapema kuliko ambavyo merikebu yoyote ingeweza kuzileta, hilo walilisamehe kwa ajili ya wageni.

"Mwana, Wareno wamevuka maji wakaiteka Sebta, mji wa Waislamu kule Maghribi. Kwa siku moja."

"Siku moja? Wenyewe walikuwa wapi?"

"Dhoruba ilizirudisha nyuma merikebu za Wareno. Wenye mji wakadhani zimekwenda zao, wakawaruhusu wasaidizi warudi makwao."

"Mimi ningefunga milango kwanza, kufurahi baadaye. Na wale Waingereza na Wafaransa?"

"Wamepigana kwenye matope. Wafaransa walivaa chuma toka utosini hadi ukuchani. Walioanguka wakashindwa kuinuka."

"Wameingia vitani wamevaa masufuria," alisema Mwana Shamsa, akachukua tambuu. "Na mapapa wao watatu?"

"Mmoja amefukuzwa, mmoja amejiuzulu. Wa tatu amejifungia, hataki kusikia la mtu."

"Huyo wa tatu namjua. Kila ukoo unaye." Akatafuna kidogo. "Haya, sema lile linalokukaba. Malindi wana nini?"

"Twiga wao amefika Uchina, Mwana. Mfalme ametoka mwenyewe mpaka langoni kumpokea. Wakuu wa huko wameinama mbele ya yule mnyama. Wanasema ni dalili ya heri, na jina la Malindi limeandikwa mbele ya miji yote."

Hapo ndipo wageni walipopapenda. Kwa maana Kitangani nayo ilikuwa na twiga wake. Mapema mwaka ule, wawindaji wa bara, vivuli nao, walimleta mzima, na mjumbe wa Malindi alikuwa tayari kumchukua hadi Uchina pamoja na wa kwao. Mji ulikuwa na njaa. Mwana Shamsa akamchinja, akawagawia watu nyama.

Nyuma ya kioo mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi wake kwamba huyo ndiye kiongozi asiyeona mbali: Malindi mpaka leo inasomwa, Kitangani iko wapi? Wanafunzi wakacheka, na mmoja akaigiza twiga anayekatwa shingo, kazi iliyomchukua muda.

Mwana Shamsa hakuwasikia. Alitafuna tambuu yake mpaka ikaisha.

"Wetu alikuwa mgumu kidogo," alisema. "Lakini supu yake ilikuwa ya heshima."

Riziki alitoka ameuma mdomo ili asicheke. Watawala wengi alikuwa amewasikia katika kazi hii. Wakipata habari mbaya walitafuta mtu wa kumpiga. Huyu alitafuta mzaha, na ulimtosha.

*

Kisha zikaja siku za masazo.

Nyumba hii ilipojengwa, mafundi walitaka mwaka uhesabiwe kwa miezi ya kizungu. Wazee wa pwani wakakataa katakata. Mwaka wa watu wa pwani, walisema, ni wa Nairuzi, na unahesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Mafundi wakakubali. Kila alichokiona kivuli wakakipiga chapa ya muongo wake, na siku ya kufunga Mwaka mtambo ukapita ukifuta kila chenye chapa, kivuli akaamka mpya. Kazi safi kabisa. Ila miongo yote ukiijumlisha zinabaki siku tano, ndizo masazo, na hizo tano hazina muongo. Nyumbani watu huzitumia kufagia, kutupa majivu ya mwaka mzima na kutafuta ugomvi wa kufungia mwaka. Hakuna anayezihesabu. Basi nao mafundi, watoto wa pwani hao hao, hawakuzihesabu.

Milango ya wageni ilifungwa. Wafanyakazi walikwenda makwao. Riziki alibaki, kwa sababu wifi yake alikuwa na desturi ya kuja kwake Nairuzi akiwa amebeba kikapu cha maandazi na kikapu kingine cha maoni.

Alikuwa akifagia ukumbi, mwanga umepunguzwa, Mwana Shamsa ameketi kitini kama alivyoachwa.

"Riziki, ufagio huo umekukosea nini?"

Riziki akaendelea kufagia mikupuo miwili mitatu kabla hajatambua ameitwa jina gani. Mle ukumbini hakuwa Riziki. Alikuwa Mwana Kombo, mwanamke wa upande wa visimani. Jina lake la kweli lilitamkwa mle siku hizi za masazo tu, wafanyakazi wakiitana kuagana kabla ya kwenda makwao.

"Labeka, Mwana?"

"Kaa. Umesimama miaka mingi."

Riziki alikaa, tena alikaa kwenye kiti cha waziri, kwa vile miguu haikumwuliza.

"Usiogope," alisema malkia. "Ninaamka kila mwaka nikikumbuka siku hizi tano tu. Lakini katika siku hizi huwa bado ninao mwaka mzima kichwani, nauwaza, na niliyoyawaza yanabaki. Kwa hiyo ninajua. Wawindaji watakuja. Waziri atataka twiga apelekwe. Nitamchinja. Kisha wewe utakuja na ile habari ya Malindi, na sura yako imekunjamana kama umebeba samaki aliyeoza."

"Na bado unamchinja? Ukijua Malindi watapata sifa zote zile?"

"Watu wana njaa, Riziki."

Alilisema hivyo tu, kama mtu anayekuonyesha jiwe barabarani usije ukajikwaa. Riziki alikuwa amemhurumia mwanamke huyu muda wote, na kumbe aliyestahili kuhurumiwa ni ule umati wa nyuma ya kioo.

"Nina swali," alisema Mwana Shamsa, "na ni wewe peke yako wa kuniambia. Mwaka wangu unaishia hapa. Ninyi mnatoka mbele. Watu wangu niliwanyima jina. Malindi wana jina. Nataka kujua niliwapa nini badala yake. Kilifuata nini Kitangani?"

Kati ya kanuni zote za nyumba, hii ndiyo Riziki aliyoapishwa mara mbili: kivuli haambiwi kilichokuja baada ya Mwaka. Haikuwa kanuni ya kiburi. Katika nyumba moja ya kaskazini, mgeni mlevi alimpigia kelele kivuli cha mfalme kwamba mwanawe alikuja kuupoteza ufalme. Akili iliyofumwa kwa mwaka mmoja haikuweza kubeba uzito wa mwaka mwingine. Ilikatika. Mpaka leo mfalme yule amekaa kitini kama kinyago, macho wazi, na mafundi hawajapata pa kuanzia.

"Mwana, naomba nikafikiri," alisema Riziki, akatoka na ufagio wake, akausahau mlangoni.

*

Siku ya nne alifika Fundi Makame, mfumaji mkuu, mtu wa Pemba, mpole, mwenye tumbo lililotangulia. Alimkuta Riziki jikoni akichemsha kahawa.

"Bi Riziki, huyu Mwana wetu amekuwa mzito. Kila mwaka nguo ya akili yake inaongezeka uzi kidogo. Sielewi unatoka wapi."

"Si amekula twiga, Fundi."

Makame alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapangusa macho. "Nataka kujua kama umeona lolote. Ukiniambia hapana, ninamwacha, ninaandika kuwa ni unyevu. Ukiniambia ndiyo, kesho kabla ya kufunga Mwaka nitautafuta ule uzi niufumue."

"Na ukiufumua, yeye atakuwaje?"

"Atakuwa kama siku ya kwanza tuliyomwasha. Haumii. Ila huo uzi, kama ni fikra zake, zitakwenda."

Riziki alimmiminia kahawa, akaijaza mpaka ukingoni ili apate muda. Kumwambia ndiyo ni kumfuta mtu aliyemwita kwa jina. Kumwambia hapana ni kumwacha mwanamke yule na swali lake, mwaka baada ya mwaka, pengine kwa karne. Na kumjibu lile swali kungeweza kumgeuza kinyago.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema. "Macho yangu ya uzeeni yanachelewa kuona."

"Huna hata miaka hamsini, Bi Riziki."

"Yamenitangulia."

*

Alirudi ukumbini mchana ule ule. Hakufagia.

"Mwana, nikikuambia unaweza kukatika."

"Kukatika ndiyo nini?"

"Kunyamaza. Moja kwa moja."

"Wapo wengi mjini wangefanya sherehe." Lakini jicho lile dogo halikucheka. "Wewe unaogopa nini hasa? Nikatike, au wewe ndiye uwe umenikata?"

Riziki hakuwa amejiuliza hivyo. Alijiuliza sasa, na jibu halikumpendeza.

"La pili, Mwana."

"Basi hilo ni zigo langu, nipe nilibebe. Nimeuliza mwenyewe, nina akili zangu. Hata mgonjwa akimwuliza mganga, huambiwa."

"Mji ulihamwa. Mwaka uliofuata, au wa pili yake. Hakuna aliyerudi. Leo ni mikoko na kuta."

Mkono wa kushoto wa Mwana Shamsa ukafifia. Vidole vilikwenda kwanza, kisha kiganja, mpaka Riziki akaona mkeka kupitia kiwiko. Malkia mwenyewe aliutazama mkono ule ukiondoka, akaushika kwa wa kulia kama mtu anayemzuia mtoto asitoke nje. Riziki aliona nia ilivyokuwa ikifanya kazi usoni pale, uzi kwa uzi.

"Endelea," alisema malkia. Sauti ilitoka nyembamba. "Hujamaliza. Nakujua, ukimaliza huwa unashusha mabega."

"Wachimbuaji wamechimba mji mzima. Hawakukuta moto. Hawakukuta mifupa ya watu waliolala ovyo. Walikuta nyumba zote hazina milango."

"Imevunjwa?"

"Imeng'olewa. Pamoja na miimo yake. Taratibu, ukuta haukukwaruzwa."

Halafu kiganja kikarudi, na vidole, kimoja kimoja.

"Unaujua uzito wa mlango wa Kitangani?" aliuliza Mwana Shamsa. "Mlango wa shemeji yangu ulibebwa na wanaume sita, na shemeji akitoa amri, ambazo nazo zilikuwa nzito. Aliyefukuzwa na adui, au aliyezidiwa na njaa, habebi mlango. Ule hubebwa na watu walioshiba, wenye mahali pa kwenda." Akaegemea. "Visima viliingia chumvi, siyo?"

"Ndiyo, Mwana. Ulijuaje?"

"Nilikuwa nikivionja. Nilijua mji hautakaa. Sikujua kama nitawafikisha siku hiyo wakiwa na nguvu ya kuondoka. Walikwenda wapi?"

"Haijulikani. Pwani yote ina watu. Huenda ni sisi."

Malkia alimtazama Riziki tokea leso mpaka nyayo, polepole, kama anayemkagua mjukuu aliyeletwa kutoka mbali.

"Mmenenepa," alisema, na akalia kidogo, na hakuyafuta machozi, kwa sababu machozi ya mwanga hayalowanishi.

*

Asubuhi ya siku ya mwisho alimwita kabla Fundi hajaamka.

"Yule mwenye tumbo anatafuta uzi wangu. Mwambie ulipo."

Riziki alidhani hakusikia vizuri. "Mwana, jana tu umevuka. Ningeweza kunyamaza, naye atanyamaza. Utaendelea kukumbuka, tutaongea kila mwaka."

"Ningependa. Huna habari nzuri lakini una kikao kizuri." Mwana Shamsa aliweka mikono yake yote miwili mapajani. "Nisikilize. Nilipojua tu kwamba nitachekwa, halikuwa jambo. Kuchekwa ni upepo. Lakini kila nilipomchinja yule mnyama, sikujua kama ninawaokoa watu au ninawazika bila jina. Ule ndio ulikuwa utawala wangu, Riziki: kuamua nikiwa gizani. Sasa nimeonyeshwa. Wawindaji wakija tena nitakaa pale kama mtoto wa chuoni aliyeandika sura kiganjani. Watakuja watu wenu kuniuliza maneno mazito, wakidhani wanamwuliza malkia, kumbe ni mwanamke anayemwigiza malkia."

"Kwa hiyo nilikosea kukuambia?"

"Hukukosea. Nimelala usingizi usiku huu. Hujui ni mara ya kwanza tangu lini." Akatabasamu. "Nimeshiba. Mtu akishiba anaondoka mezani, wengine wakae."

"Utanisahau."

"Nitakusahau. Wewe utabaki na kumbukumbu, na kwako iko mahali pazuri. Nenda."

Riziki alikwenda. Alimkuta Makame akikunja mkeka, akamweleza yote, na la kiapo alichokivunja hakuliacha. Fundi alisikiliza, kofia mkononi, tumbo limetulia.

"Ameomba mwenyewe?"

"Ameagiza. Kuomba hajui."

"Nimefuma watawala tisa," alisema Makame. "Kila mmoja, kwa njia yake, hutafuta aongezewe: siku, jeshi, sauti. Hakuna aliyewahi kutaka apunguziwe." Akavaa kofia, akaivua tena, akaivaa. "La kiapo chako sijalisikia. Masikio yangu nayo yamenitangulia."

Jioni uzi ulifumuliwa, siku tano zikapigwa chapa zao, na Mwaka ukafungwa.

*

Wawindaji walileta twiga mwaka mpya ulipokuwa bado mchanga. Riziki alisimama ukumbini kwa kaniki yake, nafasi ya Mwana Kombo wa upande wa visimani. Nyuma ya kioo Fundi Makame alikuwa amejibanza kati ya wanafunzi. Ilimpasa kuwa Pemba wiki iliyopita. Hakusema kwa nini hajaondoka, na hakuna aliyehitaji kumwuliza. Si yeye wala Riziki aliyejua kama kuchinja kwa miaka ile yote kulikuwa hukumu ya malkia, au ni kumbukumbu zake zilizokuwa zikimsukuma.

Waziri alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alieleza Uchina na utajiri wake, mjumbe wa Malindi aliyekuwa akingoja, hofu kwamba mji usiojulikana huliwa na miji inayojulikana.

"Mwana, mnyama huyu atatupa jina mpaka mwisho wa dunia."

Mwana Shamsa alinyamaza kuliko alivyowahi kunyamaza, mpaka wanafunzi wakaanza kusukumana. Alikunja uso. Alimtazama mjumbe, akamtazama waziri, na Riziki akaona kwamba malkia alitaka kweli kumpeleka mnyama yule, alilitaka lile jina kama mwenye kiu anavyotaka maji. Kwa mara ya kwanza Riziki aliiona bei ya uamuzi ule.

Kisha lile jicho dogo likamfikia yeye, likapita kama linavyompita mtu usiyemjua, likarudi.

"Wewe mama. Unatoka upande wa visimani, siyo? Watoto wa huko wamekula nini jana?"

"Ming'oko ya porini, Mwana," alisema Riziki. "Ya kuchemshwa kwa maji ya chumvi. Juzi vilevile."

Mwana Shamsa akainuka, akatoka mpaka uani. Akamtazama twiga, juu, juu zaidi, mpaka kwenye macho yake makubwa yenye kope ndefu, akamtazama kwa huruma isiyo na mzaha hata kidogo.

"Leteni kisu," alisema. "Na ngazi."